Ukungu Ukutani: Anza na Maji, Si na Rangi

*Yafuatayo ni maelezo kamili ya mada kuhusu unyevu na ukungu majumbani, iliyowasilishwa mbele ya wakazi wa Kaunti ya Mombasa. Yamechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Mada ya leo inahusu doa. Huanza dogo, pengine kama sarafu ya shilingi ishirini, kwenye kona ya dari au chini ya kiyoyozi, ile AC ya chumbani. Rangi yake ni kijivu, kijani au nyeusi. Mwenye nyumba hulifuta kwa kitambaa, na baada ya wiki mbili linarudi likiwa kubwa zaidi. Fundi wa rangi anaitwa, anapiga msasa na kupaka rangi mpya, ukuta unang'aa. Miezi mitatu baadaye rangi imevimba, inabambuka, na chumba kina harufu ya uvundo. Pesa zimekwenda na doa liko palepale. Wakati huohuo mtoto anayelala chumba hicho anakohoa kila usiku, na kila mtu nyumbani anasema ni mafua ya kawaida.

Jambo la kukumbuka katika mada nzima ni hili: ukungu ni dalili ya maji. Pasipo maji ukungu hauoti. Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake: kuzuia maji kwanza, kukausha pili, kusafisha tatu, na rangi mwisho kabisa. Anayeanza na rangi ameanza mwisho, na atairudia kazi hiyo.

Kwa nini Pwani tatizo ni kubwa

Mombasa ni mji wa bahari na hewa yake ina unyevu mwingi mwaka mzima. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika huongeza unyevu huo, na Mei huwa ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Vijimbegu vya ukungu viko kila mahali hewani. Havionekani kwa macho, na hakuna nyumba isiyo navyo. Vinapotua juu ya kitu chenye unyevu na chakula, kama mbao, karatasi, kitambaa, vumbi au bodi ya jipsamu, huanza kuota. Kitu kilicholowa kikikaa bila kukauka kwa saa 24 hadi 48, muda huo unawatosha kuanza makao.

Zamani nyumba nyingi za Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, zikiwa na madirisha ya kupitisha upepo wa bahari. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa tena. Leo vyumba vingi vya ghorofa hufungwa madirisha ili ubaridi wa kiyoyozi usitoroke, kuta hupakwa rangi nzito ya plastiki, na dari huwa ya jipsamu. Kiyoyozi kikivuja ndani ya chumba kama hicho, maji hayana pa kutokea. Wakazi wa Mji wa Kale wazingatie hili pia: ukuta wa matumbawe uliokandikwa saruji na kupakwa rangi isiyopitisha hewa huyafungia maji ndani, na kiyoyozi kilichotobolewa ukuta huo vibaya huulowesha kimyakimya kwa muda mrefu.

Maji ya kiyoyozi hutoka wapi

Wengi hudhani kiyoyozi kinapotoa maji kimeharibika. Kutoa maji ni sehemu ya kazi yake. Chukueni mfano wa gilasi ya maji baridi mezani wakati wa joto. Baada ya dakika chache nje ya gilasi hutoka jasho. Jasho hilo limetoka hewani. Ndani ya kiyoyozi kuna koili baridi sana. Hewa ya chumba inapopita juu yake, unyevu wake hugeuka matone, matone huanguka kwenye trei ndogo iliyo chini ya koili, na kutoka hapo maji hufuata paipu mpaka nje. Katika hewa ya Pwani kiyoyozi kimoja cha chumba cha kulala kinaweza kutoa zaidi ya lita 10 kwa siku moja.

Tatizo huanza pale maji hayo yasipofika nje. Sababu zinazojitokeza mara nyingi ni tano.

Ya kwanza ni paipu iliyoziba. Vumbi huchanganyika na maji, ute wa kijani hujenga ndani, na wakati mwingine mdudu au manyigu hujenga mdomoni mwa paipu upande wa nje. Trei hujaa na maji humwagika ukutani. Dalili yake ni rahisi: kiyoyozi kinafanya kazi, lakini paipu ya nje haidondoshi maji.

Ya pili ni chujio chafu. Vumbi likizuia hewa kupita, koili hupoa kupita kiasi na kushika barafu. Kiyoyozi kikizimwa, barafu yote huyeyuka kwa pamoja na trei haiwezi kuyapokea maji hayo.

Ya tatu ni gesi iliyopungua, ambayo pia huleta barafu kwenye koili. Hapa wakazi wengi hupoteza pesa. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ile ya kupikia. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, ina maana kuna mahali inavuja. Fundi anayekuja kila baada ya miezi michache kujaza gesi bila kutafuta tundu hajatengeneza kitu. Mkazi ana haki ya kumwuliza: uvujaji uko wapi, na umezibwa?

Ya nne ni ufungaji mbaya. Maji hayapandi mlima. Paipu iliyoinuliwa katikati, iliyojikunja, au kiyoyozi kilichofungwa bila pimamaji kikaegemea upande usiofaa, kitamwaga maji ndani hata kikiwa kipya kabisa.

Ya tano ni paipu zisizofunikwa vizuri. Paipu za gesi ni baridi, na pale sponji yake nyeusi ilipochanika, hutoka jasho njia nzima ndani ya ukuta au juu ya dari. Hakuna tone linaloonekana chumbani. Kinachoonekana ni doa la kahawia linalotanuka juu ya dari, na chanzo chake huwa mbali na doa lenyewe.

Afya: nani yuko hatarini

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba. Mwongozo huo unaeleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na matatizo ya kupumua, mizio na kuzidiwa na pumu. Dalili huwa ni kupiga chafya, kamasi zisizokwisha, macho kuwasha, kikohozi cha usiku, na kifua kubana au kupiga mluzi.

Si kila mtu huathirika sawa. Watu wawili wanaweza kulala chumba kimoja, mmoja akaumwa na mwenzake asihisi chochote. Wanaohitaji kulindwa zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu au mizio, na wale ambao kinga ya mwili imepungua kwa sababu ya maradhi au dawa. Watu hawa wasilale katika chumba chenye ukungu, na wasishiriki katika kuusafisha.

Ishara moja huwasaidia sana wazazi: mtoto akiwa na nafuu anapokwenda kulala kwa nyanya yake na kikohozi kinarudi anaporudi nyumbani, chumba kichunguzwe. Ampeleke kituo cha afya na amweleze mhudumu kuhusu unyevu huo wa nyumbani. Kununua dawa za viuavijasumu dukani kila mwezi hakutibu mizio ya ukungu. Mtu anayeshindwa kupumua, au ambaye midomo yake inageuka rangi, apelekwe hospitalini mara moja bila kusubiri asubuhi.

Wakazi huuliza kama ule ukungu mweusi ndio wenye sumu, na kama wapeleke sampuli maabara. Rangi ya ukungu haitoshi kusema una hatari kiasi gani, na kipimo hakibadilishi hatua zinazofuata. Wa rangi yoyote ile, chanzo cha maji kizibwe na ukungu uondolewe. Pesa za kipimo zitumike kumlipa fundi wa kiyoyozi.

Hatua za kuchukua

Kiyoyozi kikianza kuvuja, mkazi akizime na azime pia swichi yake ukutani. Maji yakiwa yamefika kwenye soketi, taa ya dari au nyaya, asiguse kitu kwa mikono yenye maji. Umeme wa chumba hicho ukatwe kwenye swichi kuu mpaka fundi wa umeme athibitishe usalama.

Kisha chujio litolewe na kuoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida, likauke kivulini kabla ya kurudishwa. Kazi hii inahitaji dakika chache tu, na wakati wa joto ifanywe kila baada ya wiki mbili hadi nne. Mdomo wa paipu upande wa nje uangaliwe kama umeziba, iwapo unafikika bila kupanda mahali pa hatari. Baada ya hapo aitwe fundi asafishe koili, trei na paipu, na apime mteremko. Kabla hajalipwa, amwage maji kidogo kwenye trei na mkazi aone kwa macho yake yakitoka nje.

Hatua inayofuata ni kukausha. Madirisha yafunguliwe siku ya jua na upepo, feni iwashwe, makabati na vitanda visogezwe kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Feni isielekezwe kwenye ukungu wenyewe kabla haujaondolewa, kwa maana itatawanya vijimbegu nyumba nzima.

Usafi unategemea ukubwa wa eneo. Doa lisilozidi takriban mita moja kwa mita moja linaweza kusafishwa na mkazi mwenyewe. Avae glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa inayobana vizuri, ikiwezekana ya N95. Mlango wa kuelekea vyumba vingine ufungwe na dirisha liwe wazi. Ukungu usifagiliwe wala usipigwe brashi ukiwa mkavu. Ukuta uloweshwe kidogo kwanza, kisha usuguliwe kwa maji na sabuni, ufutwe kwa kitambaa safi na kukaushwa siku hiyohiyo. Kwa vigae, saruji na rangi ya mafuta, sabuni na kusugua kunatosha mara nyingi.

Wapo wanaopenda kutumia jiki. Inaweza kutumika kwenye sehemu ngumu zisizonyonya maji, baada ya kuosha kwa sabuni, kwa kipimo kisichozidi kikombe kimoja katika lita 4 za maji. Haisaidii kwenye jipsamu au mbao, kwa sababu haifiki ndani ambako mizizi ya ukungu imejichimbia. Na hili lisikike vizuri: jiki isichanganywe kamwe na siki, asidi au dawa ya kusafishia choo, wala na dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayoweza kumlaza mtu hospitalini ndani ya dakika chache. Aidha, ukungu uliouawa bila kuondolewa huendelea kuwasumbua wenye mizio. Lengo ni kuutoa.

Bodi ya jipsamu iliyolowa ikaota ukungu haisafishiki. Sehemu hiyo ikatwe, ifungwe kwenye mfuko wa plastiki hapohapo chumbani, itupwe, na iwekwe nyingine baada ya juu ya dari kukauka. Godoro, mto na zulia vilivyoota ukungu mara nyingi haviokoki. Ni uchungu kutupa godoro, lakini kumlaza mtoto juu yake ni uchungu zaidi. Nguo na mapazia vifuliwe na kuanikwa juani. Vitabu, misahafu, vyeti na hati vianikwe kivulini penye upepo mpaka vikauke kabisa, kisha vifutwe nje ya nyumba kwa kitambaa laini kikavu.

Eneo likizidi mita hiyo moja, au ukungu ukiwa juu ya dari au ndani ya paipu kubwa za hewa za jengo, kazi hiyo iachiwe mafundi wenye vifaa.

Rangi hupakwa baada ya ukuta kukauka kabisa, na hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa wakati wa mvua. Mkazi anaweza kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote na kukiacha kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana nyuma ya nailoni, ukuta bado una maji na rangi isubiri.

Ndoo iliyo chini ya paipu

Katika majengo mengi paipu ya kiyoyozi hudondosha kwenye ndoo au kopo nyuma ya nyumba. Mombasa imeshapatwa na milipuko ya homa ya dengi, ikiwemo ya miaka ya 2013, 2017 na 2021. Mbu anayeeneza homa hiyo huuma mchana na hutaga mayai katika maji safi yaliyotuama karibu na makazi ya watu. Ndoo ya kiyoyozi inamfaa sana. Ifunikwe, au imwagwe na kusuguliwa ndani angalau mara moja kwa wiki. Maji hayo yanafaa kumwagilia maua na kudekia sakafu. Yasinywewe wala kupikiwa.

Paipu pia isielekezwe kwenye ukuta, dirisha au roshani ya jirani wa chini. Kesi nyingi za ukungu katika ghorofa ya pili zinaanzia ghorofa ya tatu.

Mpangaji na mwenye nyumba

Ugomvi mkubwa huwa ni nani alipe. Mkataba wa upangaji usomwe kwanza. Kwa mantiki ya kawaida, mwenye kiyoyozi ndiye mwenye jukumu la kukitengeneza, na anayekitumia kila siku ndiye anayeosha chujio na kutoa taarifa mapema. Mpangaji aliyeona doa Januari akanyamaza hadi Juni atapata shida kujitetea. Vivyo hivyo mwenye nyumba aliyejulishwa Januari akatuma fundi wa rangi badala ya fundi wa kiyoyozi.

Taarifa itolewe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, ukiwa na tarehe na picha za doa. Picha zipigwe tena kila wiki. Kukata kodi bila makubaliano kusiwe njia ya kwanza, kwa sababu hugeuza lalamiko la haki kuwa deni.

Mazungumzo yakishindikana, sheria ipo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, katika kifungu cha 115, inakataza mtu yeyote kuacha kero au hali inayoweza kudhuru afya iendelee katika jengo analolimiliki, analokaa au analolisimamia. Maneno hayo yanamgusa mwenye nyumba, mpangaji na msimamizi wa jengo kwa pamoja. Mkazi anaweza kufika kwa afisa wa afya ya umma katika ofisi ya kaunti ndogo yake akaomba jengo likaguliwe. Afisa akiridhika kuwa kuna kero, anaweza kutoa ilani ya kutaka iondolewe katika muda maalum.

Kuzuia usirudi

Nyumba iliyosafishwa inahitaji mazoea mapya. Kiyoyozi kifanyiwe huduma kamili kabla ya msimu wa joto, kisha kikaguliwe tena kabla ya masika. Kiwekwe kati ya nyuzi 24 na 26 badala ya 16, ili kuta zisipoe zikaanza kutoka jasho na bili ya umeme ipungue. Kikiwa kinafanya kazi, madirisha yafungwe. Kikizimwa, yafunguliwe hewa ipite. Nguo zisianikwe ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Nyumba itakayofungwa kwa safari ndefu iachwe milango ya makabati wazi, na jirani anayeaminika aifungue mara kwa mara. Anayeweza kununua kipima unyevu kidogo cha mezani ajitahidi hewa ya chumba isizidi asilimia 60.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kiyoyozi, ufa wenyewe ni paipu nyembamba iliyoziba, na kuizibua ni kazi ya asubuhi moja. Kila mkazi mwenye kiyoyozi atakaporudi nyumbani leo akiwashe kwa nusu saa, atoke nje na aangalie paipu yake. Ikidondosha, vyema. Ikiwa kavu, maji hayo yako mahali pengine ndani ya nyumba, na ni heri yatafutwe leo.